Kutoka Jumatano ya Majivu Hadi Yasmini: Mwongozo Kamili wa Kupanda Tumaini Baada ya Msiba

Pingili zangu za kwanza za yasmini niliziletewa kibarazani kwangu, Wete kisiwani Pemba, siku chache baada ya arubaini ya mwanangu. Mtoto alikaa nasi siku tatu tu. Jirani yangu, bibi wa Kiislamu anayenijua tangu naolewa, alikuja na kopo la samli lililotobolewa kitako kwa msumari. Lilijaa udongo, na ndani yake vimesimama vijiti vitano. Havikuwa na ua, na vijani viwili vya juu vya kila kijiti vilikuwa vimekatwa nusu.

Nikamwambia, "Bibi, hivi si vimekufa?"

"Havijafa, mwanangu. Vimekatwa tu. Vitie maji." Akajitanda kanga yake akaenda zake.

Nimepanda yasmini nyingi tangu siku ile, na nimewagawia waumini wenzangu waliopitia mambo mazito: waliofiwa, walioachwa, waliougua, waliopoteza kila kitu. Nilichojifunza nakiandika hapa hatua kwa hatua. Sisemi maua yanaponya. Anayeponya ni Mungu. Lakini nimeona kwamba shada la kununua hukufariji siku mbili likanyauka, ilhali kijiti kinachokudai maji kila asubuhi kwa wiki sita kinakurudisha taratibu kwenye kazi ya kungoja. Na sehemu kubwa ya tumaini la Kikristo ni kungoja.

Kalenda yangu ni ya Kwaresima. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumapili ya Pasaka ni siku 46: arobaini za mfungo, na Jumapili sita zisizohesabiwa. Pingili ya yasmini huota mizizi kwa wiki nne hadi sita. Na huku kwetu Pasaka huangukia masika yanapoanza au yameshashika, wakati mzuri kuliko wote wa kuhamishia mche ardhini. Kama msiba wako umekukuta wakati mwingine wa mwaka, usingoje Februari. Anza leo, hesabu wiki zako sita, ila ukiangukia kiangazi ujue kazi ya kumwagilia ni yako peke yako.

Kabla ya kugusa udongo

Lia kwanza. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu "hata lini", na swali hilo limo katika Maandiko bila aibu. Chukua karatasi uandike ulichopoteza kwa jina lake. Usiandike "matatizo". Andika "mwanangu", au "ndoa yangu ya miaka kumi na miwili", au "mguu wangu wa kulia". Ikunje, uiweke ndani ya Biblia kwenye Ayubu sura ya 14. Utairudia.

Kuna maneno utakayoambiwa na watu wanaokupenda, nami nataka nikutayarishe. Mimi niliambiwa na watu wanne, siku tofauti, kwamba Mungu amechuma ua zuri kuliko yote katika bustani yake. Sina kinyongo na yeyote kati yao. Walitafuta neno wakashika lililo karibu. Lakini neno lile si la Injili. Yesu alipofika kwenye kaburi la Lazaro hakumweleza Martha wala Mariamu habari ya kuchuma maua. Alilia machozi, mbele za watu, naye alijua vizuri atakachokifanya muda mfupi baadaye. Kwa hiyo ukiambiwa neno hilo, una ruhusa ya kutolikubali. Na ukienda kumpa mtu mkono wa pole, mchukulie uji au umtekee maji, neno hilo uliache nyumbani.

Jambo moja zaidi kabla hatujashika kisu. Kama usingizi umekukataa kwa wiki kadhaa, chakula hakishuki, au umeanza kufikiria kuyakatisha maisha yako, mwambie mtu leo hii: mume, mke, dada, padri, mchungaji. Kisha mwende pamoja hospitali. Yasmini itakungoja.

Mti gani

Mimi nasimama na yasmini, kwa sababu inakubali kuanza upya kutoka kijiti kitupu. Lakini watu hawafanani.

Kwa aliyechoka kiasi kwamba wiki sita ni mlima, nampa mbegu za mrehani. Zinachipua kwa wiki moja hivi, na ukipitisha mkono juu ya majani asubuhi, harufu yake inakukumbusha kwamba bado unanusa. Anayeishi pwani kwenye kichanga kitupu ajaribu vinka, yale maua ya waridi na meupe yanayoota hata pembeni mwa makaburi bila kupandwa na mtu. Mlangilangi unataka nafasi, kwani ni mti mrefu. Usiupande chini ya dirisha.

Mkilua ni wa mvumilivu. Huu ni mti wa mwambao wetu, jamaa wa mstafeli, mtopetope na mlangilangi, na wataalamu wa mimea walipoupa jina lao la kisayansi walichukua Kiswahili chetu kama kilivyo: *Mkilua fragrans*. Ua lake ni dogo, halina makuu kwa macho, lakini kilua kimoja kwenye kikuba, kile kishada kidogo cha maua ya kunukia cha kushikiza nguoni, kinatosha kumtambulisha bibi harusi kabla hajaingia chumbani. Nilifurahi sana nilipojua habari ya jina hilo. Ua letu limeingia vitabuni kwa jina la mama zetu.

Na mkarafuu? Mtu wa Pemba lazima ataniuliza. Karafuu ni ua. Tunachokianika kwenye majamvi ni tumba ambalo halijafunguka. Linachumwa linapoanza kupiga wekundu, na likishachanua thamani yake imekwenda. Nilikulia kwenye harufu hiyo, na baada ya kumzika mwanangu nilikaa msimu mzima siwezi kulitazama jamvi la karafuu. Matumba maelfu, yote yamechumwa kabla ya kufunguka. Sikupata jibu, na sitakubunia jibu nisilonalo. Ninalojua ni kwamba tumba lile hukauka likawa jeusi, na miaka ikipita ukifungua mfuko, harufu yake bado imo.

Lakini kwa shughuli hii mkarafuu uuache. Huchukua miaka sita, saba, hata nane kabla ya kukupa ua la kwanza. Waliopanda mikarafuu baada ya kimbunga cha Aprili 1872 walilijua hilo. Kimbunga kile kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na watu wa Unguja wakarudi shamba kupanda miche watakayoichuma baada ya miaka mingi. Mwaka uliofuata, 1873, soko la watumwa la Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, lilifungwa, na mahali pale pale likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanyika Krismasi ya 1877. Ukipata nauli ya boti, ingia Mkunazini ukae mbele ya altare. Duara la marumaru sakafuni linaonyesha pale inaposimuliwa kuwa palisimama nguzo ya kuchapia watumwa. Nilikaa hapo saa nzima siku niliyotoka hospitali. Palipokuwa na kilio kikubwa kuliko changu, watu walikuwa wanafagia, wanapanga maua, wanafanya mazoezi ya nyimbo za Jumapili.

Kukata na kupanda

Kata asubuhi mapema, kabla jua halijakaza. Tafuta tawi la umri wa kati: changa la kijani kibichi litaoza, na gumu la kahawia litachelewa. Likunje kidogo. Likipinda kama mpira, bado. Likikatika pwaa, limepita. Tunataka linalokubali kupinda, halafu linaalika.

Pingili iwe na urefu wa sentimita 15 hivi, pungufu kidogo ya shubiri, yenye vifundo vitatu au vinne. Tumia kisu kikali ulichokiosha kwa maji ya moto. Chini kata mshazari, karibu kabisa na kifundo. Juu kata sawasawa. Mshazari huo utakukumbusha upande upi unaingia ardhini, maana pingili ikipandwa kichwa chini haioti. Ondoa majani yote ya chini, bakisha mawili ya juu, nayo uyakate nusu ili yasinyonye maji ambayo pingili haina mizizi ya kuyatafuta. Kama kuna tumba la ua, litoe. Najua inauma kulitoa, lakini kijiti kisicho na mizizi kikijaribu kuchanua kinajimaliza. Mwenye majonzi anayelazimishwa kutabasamu harusini analijua hili.

Udongo: fungu moja mchanga, fungu moja udongo mweusi wa majani yaliyooza chini ya mwembe. Mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi. Na hapa nitoe tahadhari ambayo huisikii kwa watu wa bara: ukitaka kuongeza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ili udongo ushike unyevu, usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa kusokotea kamba. Yamekunywa maji ya bahari miezi kadhaa. Chukua makumbi makavu ya nyumbani, yaloweke na kuyasuuza mara tatu.

Toboa kopo kitako, matundu matano au sita. Jaza, mwagilia, acha maji yachuje. Toboa shimo kwa kijiti kingine, usiichomeke pingili yenyewe kwa nguvu, ngozi yake itachubuka. Izame vifundo viwili, kisha shindilia udongo kwa vidole. Pingili tano zinaenea kopo moja. Zifunike kwa mfuko wa nailoni unaoonyesha, ulioshikiliwa na vijiti ili usiguse majani, na uufungue kidogo kila siku upite hewa. Weka kopo kivulini penye mwanga: kibaraza kinachotazama mashariki, au chini ya mti. Jua la kaskazi saa saba mchana litazipika.

Maji yasiwe na chumvi. Visima vingi karibu na bahari vinatoa maji ya magadi, yaonje kwanza. Nusu kata asubuhi inatosha. Kabla ya kumwagilia tia kidole hadi kiungo cha kwanza: kikitoka na udongo uliogandamana, acha hadi kesho.

Wiki sita za kutoona kitu

Hapa ndipo watu wengi wanaponipigia simu.

Kila asubuhi fanya mambo matatu na usiongeze la nne: mwagilia, soma, omba sentensi moja. Usihame kifungu kila siku. Wiki mbili za kwanza kaa na Ayubu 14, mstari wa 7 hadi wa 9, pale karatasi yako ilipo. Ayubu anasema mti uliokatwa una matumaini, na hata shina lake likifa udongoni, litachipuka "kwa harufu ya maji". Angalia kwamba hajasema mafuriko ya maji. Harufu tu. Lakini uwe mkweli na sura nzima: papo hapo Ayubu analalamika kwamba mwanadamu si kama mti, akifa analala. Jibu la lalamiko lile halimo katika sura hiyo. Litakuja Pasaka, na hiyo ni sababu nyingine ya kuifuata kalenda hii. Baada ya hapo hamia Mathayo 6 kuanzia mstari wa 28, maua ya mashamba, kisha Isaya 35.

Wiki ya pili majani yatageuka njano na mengine kuanguka. Usihangaike. Lakini pingili ikianza kuwa nyeusi kutoka chini kwenda juu, hiyo imeoza. Itoe isiambukize nyingine, na punguza maji. Zaidi ya hapo, usiguse.

Mimi niligusa. Siku ya kumi na mbili nilichomoa pingili moja, nikidhani sitashindwa kuirudisha. Nikaileta karibu na macho. Pale chini, kwenye jeraha la kisu, palikuwa pameota kijinundu cheupe, cha ukubwa wa chembe ya mtama, laini kama ufizi wa mtoto mchanga. Kilikuwa kimeota kwenye kidonda penyewe. Na ncha yake ilikuwa imekatika, imebaki udongoni nilipoivuta. Niliirudisha, nikaimwagilia, nikaiomba radhi kwa sauti. Baada ya siku nne ilikuwa nyeusi.

Ndiyo maana nasema kwa ukali: usichomoe. Wala usijichomoe mwenyewe kila asubuhi kujiuliza "nimepona?" Wala usimruhusu mtu akuchomoe kwa maswali, "bado tu unalia?" Kinachoendelea kule chini kinataka giza na kuachwa.

Jumapili pumzika. Mwagilia, nenda kanisani, lakini usihesabu wala usikague.

Ijumaa Kuu soma Yohana 19 hadi mwisho. Mstari wa 41 unataja kitu nilichokipita miaka yote nikiwa msichana wa Shule ya Jumapili: mahali pale aliposulubiwa palikuwa na bustani. Kaburi lilikuwa ndani ya bustani. Na Jumapili alfajiri Mariamu Magdalene, macho yamejaa machozi, anamwona Bwana akidhani ni mtunza bustani, mpaka aitwe kwa jina lake.

Pasaka: kuhamisha

Pingili iliyo tayari ina majani mapya, na ukiigusa kwa kuivuta kidogo sana inakushika. Kama haijawa tayari, Pasaka si siku ya mtihani. Mwaka wangu wa kwanza zilikubali mbili kati ya tano. Niliona haya, nikamwonyesha bibi jirani. "Mbili nyingi," akasema. Yeye alikaa eda miezi minne na siku kumi baada ya mumewe kufariki, na hajawahi kunihimiza niharakishe chochote.

Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande. Kwenye kinongo, udongo wenye kina, kazi ni rahisi. Kwenye maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, utahitaji mtaimbo: vunja jiwe, toa vipande, jaza udongo uliouleta, uchanganye na nusu debe la samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza. Majivu ya jikoni usitie. Ardhi ya matumbawe ina chokaa ya kutosha, na yasmini haipendi zaidi. Acha hatua moja kutoka ukutani, mahali panapopata jua angalau nusu ya siku. Hamisha jioni, pamoja na donge lake la udongo. Tandaza majani makavu kuzunguka, lakini yasiguse shina. Zungushia fito au makuti, maana mbuzi hana habari na ibada yako. Masika yatamwagilia, kazi yako ni kuhakikisha maji hayatuami.

Ukiona vidung'ata, vile vidudu vyenye unga kama pamba, tia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni, suuza kesho yake asubuhi.

Maua yakija

Yangu yalikuja vuli. Matumba saba. Yasmini hufunguka usiku, kwa hiyo chuma alasiri, matumba yakiwa yamevimba, meupe, bado yamefumba. Yaweke kwenye sahani yenye maji kidogo. Baada ya magharibi chumba kizima kitajua.

Yale saba niliyapeleka kaburini, nikakaa. Sikusikia sauti yoyote. Nilisoma Yohana 12, mstari wa 24, habari ya chembe ya ngano inayoanguka katika nchi, nikarudi nyumbani nikapika, na kwa mara ya kwanza tangu Januari ile nilikula nikashiba.

Maua ya pili mpelekee aliyekupa pingili ya kwanza. Mimi nilijifunza kufunga kikuba kwa ajili hiyo: yasmini katikati, vijani vya mrehani kuzunguka, kilua kimoja ukikipata, uzi mweupe kufunga, pini ya kushikizia. Bibi alikivaa siku tatu, mpaka kikawa cha kahawia.

Altareni yasmini si ua la vase. Ukiipanga Jumamosi jioni, asubuhi utaikuta imedondoka kwenye kitambaa. Panga majani ya krotoni na matawi ya mlangilangi, kisha yasmini itie kwenye bakuli la maji, ielee. Na makanisa yetu mengi hayaweki maua altareni wakati wa Kwaresima, kwa hiyo muulize mhudumu kwanza. Maua yanayorudi mezani alfajiri ya Pasaka baada ya wiki sita za meza tupu hayahitaji kupangwa kwa ustadi.

Kila yakimaliza msimu, pogoa thuluthi moja ya mti, kwani yasmini huchanua kwenye machipukizi mapya. Matawi uliyoyakata usiyatupe. Kata pingili za urefu ule ule, zifunge kwa kitambaa kilicholowa maji, na fikiria ni nani katika mtaa wako amekaa ndani muda mrefu. Zipande kwanza mwenyewe kwenye kopo, usimpe mwenye majonzi kazi ya kuchanganya udongo. Andika tarehe kwenye kopo, aya usiandike. Peleka asubuhi, kabla ya jua kali. Ukifika liweke chini penye kivuli, mwambie avitie maji, na usikae sana.